Sekunde Arobaini za Mama Evaline

Gari la Hashimu lilikuwa limeshakiacha kituo cha mwisho cha mafuta cha Kibondo ndipo Esteria akakumbuka kwamba ndoo ya maji ya kunywa ameiacha nje, mbali na kitanda cha mzee. Akageuka. Nyuma ya kioo aliona magunia ya maharage tu.

"Simamisha kidogo, Hashimu."

"Nisimamishe urudi kwa miguu? Ufunguo si umemwachia Zuhra?"

"Nimemwachia."

"Basi. Zuhra ana mdomo, lakini mtu hamwachi na kiu."

Hashimu alikuwa mnunuzi wa nafaka, na kila Jumamosi alipeleka mzigo Kasulu. Alikuwa amekubali kumchukua Esteria mbele, bure, kwa sababu marehemu mume wake Anatoli aliwahi kumbebea magunia. Zuhra alikuwa jirani, muuza vitumbua. Na mzee alikuwa baba mkwe wa Esteria. Anatoli alikufa miaka sita iliyopita, na tangu binti yao aende chuoni nyumba ile ilibaki na watu wawili, mjane na mkwewe, kila mmoja upande wake wa pazia. Esteria alimpikia, akamfulia, akamwashia moto wakati wa baridi. Chakula alikiweka kwenye kigoda, akapiga goti, akaondoka. Hakuwahi kula mbele yake. Na jina lake hakuwahi kulitaja, maana kwa Waha wa upande wao mke aliyelelewa vyema hatamki jina la baba mkwe, awe hai, awe amekufa. Sisi wengine tunaweza kulitaja: aliitwa Niyomwungere.

"Na lile shamba la bondeni?" Hashimu aliuliza.

"Jumatano. Wilayani sasa."

"Safari hii utasema?"

Esteria aliitazama barabara. Lami ilikuwa mpya, nyeusi. Ndiyo iliyoleta balaa. Kabla ya lami, shamba la bondeni lilikuwa shamba la maharage ya kiangazi, hakuna aliyelitaka. Lami ilipofika akaja mtu wa Kahama akitafuta udongo wa matofali, na shemeji yake Esteria, Castory, mdogo wake Anatoli, akakumbuka kwamba lile shamba ni la baba yake.

Ni kweli lilikuwa la baba yake. Lakini mzee alimpa Esteria mwaka bintiye Evaline alipozaliwa, kwa mdomo, mbele ya Anatoli na majirani wawili. Anatoli amekufa. Jirani mmoja amekufa, mwingine alihamia Katavi na ng'ombe wake. Mzee mwenyewe yuko hai ila akili imeshatawanyika. Leo anakuita mwanangu, kesho anakuuliza umeingiaje.

Mwezi wa pili walikaa barazani, kwenye ofisi ya kata. Mwenyekiti alikuwa anaumwa, kazi ikafanywa na karani, kijana aitwaye Khatibu aliyehamishiwa huko kutoka Tanga. Hakuwa kijana mbaya. Aliuliza vizuri, kwa Kiswahili cha kwao kinachoteleza.

"Mama, nani alikupa shamba hili?"

"Baba."

"Baba yako mzazi?"

"Hapana. Baba wa nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Mwenye mji."

"Mwenye mji ana jina. Jina lake nani?"

Esteria akanyamaza. Jirani mmoja dirishani akalipayuka jina, Khatibu akamkemea kwamba yeye si shahidi. Akamsukumia Esteria kalamu, aandike. Esteria alisoma mpaka la nne, kuandika anajua, ila kwake kuandika ni kutaja kwa mkono. Hakuishika kalamu. Wajumbe wanne walikuwepo, wote wenyeji, wote wanajua. Wakatazama viatu vyao. Walikuwa wamekunywa soda ya Castory. Castory mwenyewe alikaa, mikono mapajani, mtu mwenye subira. Khatibu akaandika: *Mjibu madai hamjui kwa jina mtu anayedai kumpa shamba.* Akapiga muhuri. Usuluhishi ukawa umeshindikana, na jambo likapelekwa juu.

"Angemuuliza hata mtu wa sokoni," Hashimu alisema.

"Aliniuliza mimi."

Wakaipita Makere.

*

Evaline alimpokea mama yake kwenye lango la ukumbi. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mwaka wa pili wa ualimu katika chuo kimoja pale Kasulu, mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi. Juu ya lango kulikuwa na bango la kitambaa: TAMASHA LA FILAMU ZA WANAFUNZI WA AFRIKA. Vijana walikuwa wamejaa uani, wa Bujumbura, wa Lusaka, wa Kampala, wengine wametoka kambi ya wakimbizi na Kiswahili chao cha Kongo, wote na kadi shingoni.

"Shikamoo mama. Babu?"

"Marahaba. Nimemwacha na Zuhra. Maji nimesahau nje."

Mezani kwa kuandikisha, dada mmoja aliangalia orodha juu hadi chini. "Mama ni nani?"

"Ni mama yangu. Ndiye yuko kwenye filamu."

"Muigizaji?"

"Hajaigiza. Ni yeye."

"Sina kadi ya *ni yeye*, dada. Nina ya Mtengenezaji, Mgeni Rasmi, Jaji na Mhudumu. Asipokuwa na kadi hali chakula."

"Mpe ya Mgeni."

"Za Wageni zimehesabiwa."

Basi Esteria akavikwa kadi ya Mhudumu. Evaline alikwenda kukabidhi faili lake kwa mafundi. Haikupita nusu saa kijana mmoja akamwonyesha Esteria beseni: "Mama, vikombe vya majaji, fasta." Esteria akavua kandambili, akakunja kitenge, akaosha. Aliyekuwa naye pale, mama wa Kasulu mwenye kadi kama yake, akamuuliza wanamlipa kiasi gani.

"Mimi nimekuja kutazama mtoto."

"Ah! Sasa unaosha nini?"

"Nimeambiwa."

Evaline alipomkuta hapo, vikombe arobaini vimepangwa vinang'aa, alifunga macho kidogo.

"Mama, toka hapo."

"Namalizia."

"Mama, toka. Watu wanakuona."

"Si ndicho ulichoniitia?"

*

Walikaa nyuma ya ukumbi, kwenye kivuli cha tangi la maji. Evaline akamweleza. Filamu yake ilikuwa ya dakika kumi na mbili, aliipiga kwa simu wakati wa likizo. Inaitwa *Bondeni*. Mama analima maharage. Mama anapeleka chakula nyuma ya pazia. Baba mdogo Castory anazungumza. Halafu mwisho, Evaline nyuma ya simu anauliza: mama, nani alikupa shamba hili? Na mama anatazama simu, hajibu, sekunde arobaini, kuku wanapita. Mwisho.

"Hiyo najua. Nilikuwepo," Esteria alisema.

"Usichojua ni kwamba baada ya hapo wanakuita jukwaani. Watauliza maswali."

"Mimi?"

"Wewe. Watakuuliza jina la babu." Evaline alimshika mkono wenye sabuni. "Mama, sikiliza. Humu ndani hakuna anayemjua babu. Si ndugu, si mkwe, si jirani. Ukilisema hapa ni kama kulisema porini. Ukiweza hapa, Jumatano utaweza. Nimekuleta ujaribu."

"Na ukilisema wewe?"

"Mimi nimelisema mara ngapi, mama? Mimi ni mjukuu. Wanataka mdomo wako."

Esteria alifikiri. Hakuwa mtu wa kukataa haraka. "Porini hakuna watu mia tatu," akasema mwisho.

"Shamba litachimbwa matofali."

"Najua."

"Litakuwa shimo, mama. Maharage yale ndiyo ada yangu, ndiyo uji wa babu, ndiyo kila kitu. Mtu wa Kahama akishaingiza koleo, hata ukishinda baadaye unalima wapi? Kwenye shimo?"

"Evaline, najua."

Wakati huo Castory akatokea kona ya ukumbi. Amevaa koti la rangi ya maziwa lililotoka kwa marehemu kaka yake, mikono imemfika kwenye vidole. Alikuwa amekuja kwa basi, kwa nauli yake mwenyewe.

"Mwakeye!" alisalimu kwa Kiha. "Jamani, ndiyo mmejificha huku? Nimeuliza wapi nyota wa filamu, wakanionyesha choo."

"Shikamoo baba mdogo," Evaline alisema kwa sauti ya chini.

"Marahaba mwanangu. Nimewaambia mlangoni mimi nimo. Wakaniuliza nimo wapi, nikasema nimo katikati. Wakanipa hii." Alionyesha kadi. Iliandikwa Mgeni Rasmi.

Esteria aliiangalia kadi ile, akaangalia ya kwake, akacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitenge. Castory naye akacheka, bila kujua wanacheka nini.

*

Madirisha yalizibwa kwa maturubai meusi ingawa nje lilikuwa jua la saa nane. Joto lilikuwa jingi. Saady, kijana wa Dar es Salaam aliyewafundisha wanafunzi kushika kamera, alikuwa ndiye mshereheshaji.

"Mambo vipi Kasulu! Simu zote kimya, nidhamu, twende kazi!"

Ilianza ya Mzambia mmoja kuhusu kinyozi kipofu. Watu wakapiga makofi. Ikaja ya msichana wa Bujumbura, ya mvua na nyumba iliyoanguka. Umeme ukakatika, jenereta likawashwa, ikaendelea pale ilipoishia. Halafu *Bondeni*.

Esteria hakuwa amewahi kujiona akilima. Alishangaa mgongo wake. Akawaza, kumbe nimepinda hivi. Alijiona anapita na sahani, pazia likarudi, na nyuma ya pazia kikohozi cha mzee, kikubwa kama cha ng'ombe kwenye zile spika. Watu wakatulia. Kisha akatokea Castory, uso mzima ukutani, meno yake yote.

"Ndiye mimi!" Castory aliwaambia walio karibu. "Yule pale!"

Castory wa ukutani alikuwa anasema kwa furaha ya mtu anayepigwa picha: "Mimi sina ugomvi na shemeji. Kama alipewa, amtaje aliyempa. Jina moja tu. Akilitaja, mimi naondoka. Lakini hawezi," na hapo akacheka, "kwetu mwanamke hawezi."

Castory wa kwenye kiti aligeuka kulia na kushoto, akisubiri watu wacheke naye. Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja mbele alisonya. Mwingine akasema, "Mzee mshenzi huyu." Ukumbi mzima ukazomea, uuuu, kama kwenye mpira, na waliokaa karibu naye, ambao walishaambiwa ndiye yeye, wakamgeukia kabisa.

Tabasamu la Castory lilichukua muda kuondoka. Lilibaki pale mdomoni, halina kazi.

Halafu swali. Halafu uso wa Esteria. Sekunde tano, kumi. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Mtandao umekata!" Kicheko. Sekunde ishirini. Kuku akapita. Mtu akapiga mluzi. Ilipofika thelathini hakuna aliyecheka tena, maana ule uso haukuwa wa mtu aliyesahau. Ikaisha.

Saady akapanda jukwaani mbio. "Dah! Makofi kwa Evaline! Na tuna bahati, mama mwenyewe yupo. Mama, njoo, usiogope."

Esteria alipanda na kadi yake ya Mhudumu. Walimpa kipaza sauti, akakishika mbali na mdomo kama kijinga cha moto.

Bwana mmoja wa safu ya mbele, jaji kutoka Dar es Salaam, akasimama. "Mama hongera. Filamu nzuri, ila sisi tusio wa huku tunabaki hewani. Tunataka kusikia. Nani alikupa lile shamba?"

Mwanamke mmoja mnene, mwalimu wa filamu aliyeletwa kutoka Burundi, Madamu Manirambona, akamkata: "*Pardon*, mheshimiwa, hilo haulizwi mtu. Hata kwetu. Mama, usijibu."

"Kwani ni siri?"

"Si siri. Ni heshima."

"Heshima inayomnyang'anya shamba?"

Ukumbi ukagawanyika. Vijana wakaanza polepole, kisha wote: "Taja! Ta-ja! Ta-ja!" Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanamtetea. Waliokaa karibu na Castory walikuwa wanamtolea sauti usoni kabisa, mmoja akimgonga begani kwa kila *ta-ja*. Castory alikuwa amejikunyata ndani ya lile koti, mikono imezama kwenye mikono ya koti, na alionekana mtu mfupi.

Evaline alisimama chini ya jukwaa. Midomo yake ilikuwa inalitamka lile jina bila sauti, kumwongoza mama yake kama anavyoongozwa mtoto kwenye shairi.

Esteria alikisogeza kipaza sauti.

"Mwacheni huyo," akasema.

Spika zikalia. Watu wakapungua kelele.

"Huyo mnayemgonga ni shemeji yangu. Mume wangu alipokufa, ilikuwa masika, kaburi lilijaa maji mara mbili, na mara mbili aliyeyatoa kwa ndoo ni yeye. Amechoka kushika jembe tu. Hata mimi nimechoka. Mwacheni."

Mkono uliokuwa unamgonga Castory ukaondoka.

"Na jina," Esteria akaendelea, "nalijua. Nimempikia miaka ishirini na sita. Mnadhani sijui nampikia nani?"

Akasimama pale kidogo, kama anayesubiri mtu amjibu. Akampa Saady kipaza sauti chake, akashuka.

*

Jioni hiyo *Bondeni* ilipata zawadi ya pili: cheti na stendi ya kamera. Jaji wa Dar es Salaam mwenyewe alisema zile sekunde arobaini hatazisahau. Saady alimvuta Evaline pembeni. "Ile ya mama jukwaani mliipanga?"

"Hatukuipanga."

"Bonge la mwisho, aisee. Ningekuwa wewe ningeiunganisha."

Evaline alikwenda na stendi yake hadi kwenye tangi la maji, akamkuta mama yake amekaa peke yake na sahani ya wali isiyoguswa.

"Nimekuleta ujaribu," Evaline alisema. "Hukujaribu hata kidogo."

"Umenileta nijaribu au umenileta nionekane?"

Evaline alikaa chini. Alikuwa ameshika ile stendi mapajani, miguu yake mitatu imekunjwa, na alianza kulia bila kelele. Mama yake akamsogezea sahani.

"Kula. Kadi hii angalau imeleta wali."

"Wamenipa zawadi kwa sababu hukusema, mama. Ungesema ningekosa. Na mimi nilitaka useme." Alifuta pua kwa kiganja. "Nusu yangu ilitaka. Nusu nyingine, wakati wanapiga kelele, ilikuwa inasema anyamaze, anyamaze hivyo hivyo."

"Kula, Evaline."

Castory alikuja baadaye, koti mkononi. Alikaa mbali nao kidogo, juu ya tofali.

"Mwanao ameniuza," alimwambia Esteria.

"Uliyasema mwenyewe, shemeji."

"Niliyasema. Sikujua yatasikika vile." Akatema mate kando. "Kuna kitoto kimeniita mshenzi. Umri wake hata meno hajamaliza."

"Nilisikia."

"Na wewe nani alikutuma kunitetea? Wananiona sasa mimi ni wa kutetewa na mwanamke."

"Basi nisamehe."

Castory akauliza kama kuna wali umebaki. Esteria akampa sahani, Evaline alikuwa ameila nusu, naye akala iliyobaki bila kunawa. Hakuwa na nauli ya kurudi. Hashimu aliwachukua wote wawili kesho yake, mmoja mbele, mmoja nyuma juu ya magunia matupu.

*

Jumatano, wilayani. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mgeni katika mkoa, sauti yake ndogo. Mbele yake palikuwa na faili la kata lenye muhuri wa Khatibu. Evaline alikuwa ameomba ruhusa chuoni, akakaa benchi la nyuma. Zuhra alifunga biashara, akaja naye, vitumbua viwili kwenye mkoba kwa ajili ya Esteria.

Castory alieleza madai yake kwa ufupi zaidi kuliko alivyoeleza kule kata. Alisema shamba ni la baba yake, baba yake hajiwezi, na yeye ndiye mtoto wa kiume aliyebaki. Hakucheka.

Mwenyekiti akamgeukia Esteria. "Mama, hapa imeandikwa humjui aliyekupa shamba. Ni kweli?"

"Namjua."

"Anaitwa nani?"

Esteria alifungua mdomo. Zuhra aliona, Evaline aliona. Mdomo ulifunguka na ulimi ukanyanyuka, na shingo yake ikajaa mishipa. Haikutoka sauti. Akafunga mdomo. Akafungua tena.

"Mheshimiwa, yule ambaye... yule mwenye mji..."

"Jina, mama. Nikiandika mwenye mji, nitakuwa sijaandika kitu."

Mwanamume aliyekuwa anasubiri kesi yake kwenye benchi la jirani alicheka puani. "Hata jina hajui, anataka shamba." Karani wa pale naye akatabasamu, akashusha kalamu. "Niandike hamjui?"

Mwenyekiti akasita. "Andika mjibu madai ha..."

"Usiandike hivyo!"

Alikuwa Castory. Alikuwa amesimama, na alionekana kushangaa kwamba amesimama.

"Bwana Castory, si zamu yako."

"Usimwandike mama yule kama mjinga. Mara mbili anaandikwa mjinga, mtu mwenye akili zake, na huyu hapa anacheka." Alimnyooshea kidole yule mwanamume wa benchi. "Unacheka nini, wewe? Unamjua? Hawezi kumtaja kwa sababu ni mkwewe! Kwani nyie huko mmelelewa na nani? Andika Niyomwungere! Niyomwungere ndiye aliyempa!"

Kalamu ya karani ikabaki hewani.

Mwenyekiti akavua miwani. "Rudia taratibu. Nani alimpa?"

Castory alimwangalia mwenyekiti, akamwangalia Esteria, na ndipo, kwa jinsi uso wake ulivyolegea, watu wakaona amefahamu alichokisema.

"Baba," alisema. "Baba yetu."

"Alimpa shamba la bondeni?"

"Si nimesema."

"Na wewe ulilijua hilo wakati wote?"

Castory alikaa. Alipangusa uso kwa mkono wa koti la kaka yake. "Nani asiyelijua pale kwetu?" akasema. "Hata kuku wanajua."

Karani akaandika. Esteria alikuwa ameinamisha kichwa tangu jina lilipotajwa, kama anavyoinama anapoweka sahani. Nje, kwenye ngazi, Castory alimpita bila kumwangalia, akasema kwa hasira: "Ningenyamaza mimi. Ningenyamaza tu."

"Ego, shemeji," Esteria alimkubalia kwa Kiha. "Ungenyamaza."

*

Baraza lilimpa Esteria shamba. Mtu wa Kahama alipata udongo upande mwingine wa mto, akachimba huko.

Mzee Niyomwungere alikufa mwezi wa kumi mwaka huohuo, mchana, akiwa amelala. Siku za mwisho alikuwa anamuuliza Zuhra yule mwanamke wa upande wa pili wa pazia ni nani. Kwenye msalaba jina liliandikwa na Makarius, fundi seremala, kwa rangi nyeusi, na Esteria anapopalilia kaburi hupalilia kuanzia upande wa miguuni, mbali na lile jina.

Baada ya arobaini, Castory aliingia bondeni na kamba, akapima nusu, akapanda mihogo. Hakumuuliza mtu. Esteria hakwenda barazani. Alisema nusu inamtosha mtu mmoja, ingawa haikumtosha, na mwaka ule alinunua maharage mara mbili. Mgongo wa Castory ulimshinda kabla ya mavuno, mihogo ikavunwa na Esteria kwa makubaliano ya gunia kwa gunia.

Hashimu aliuza gari na sasa ananunua nafaka kwa simu. Zuhra bado anauza vitumbua. Khatibu alihamishwa tena, Lindi.

Madamu Manirambona aliionyesha *Bondeni* Bujumbura mara moja, akaandika barua ya pongezi, na mawasiliano yakaishia hapo. Saady aliiweka mtandaoni, na zile sekunde arobaini akazipunguza zikawa kumi na tano, kwa sababu watu wa mtandaoni hawana subira. Evaline alimaliza ualimu, akakaa nyumbani miaka miwili akisubiri ajira, kisha akapata kazi ya kujitolea katika shule ya msingi upande wa Munanila, karibu na mpaka wa Burundi. Anafundisha la tatu na la nne kwa pamoja. Hajapiga filamu nyingine. Stendi ya kamera iko darasani, inashikilia ramani ya Afrika, maana ukuta ni wa udongo na haushiki msumari.